Kikombe Kila Kilomita Mbili

"Mama Yudi, mwanao anafukuzwa na nani kila alfajiri?"

Emiliana aliulizwa swali hilo bombani, mbele ya foleni ya ndoo na wenye ndoo zao. Aliyeuliza alikuwa Paskazia, mwanamke ambaye mdomo wake mtaa mzima wa Kizota uliuogopa kuliko mgambo. Wenzake wakacheka. Emiliana akainamia ndoo yake kana kwamba maji hayawezi kujaa mpaka yaangaliwe.

"Anafanya mazoezi," alisema.

"Mazoezi gani? Mtu wa miaka ishirini na saba mazoezi yake ni kubeba mtoto mgongoni."

"Ya mbio. Anataka kukimbia kutoka Bahi mpaka hapa mjini."

Kicheko kikakatika. Bahi kila mtu pale aliijua; ni mahali pa kwenda kwa basi, na ukifika unashuka umechoka.

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Kilomita sitini."

"Basi mwenzangu, umwombee." Safari hii Paskazia hakuwa anatania, na ndiyo maana ilichoma zaidi. "Barabara ile haina kivuli wala kisima. Jua la Novemba linaangusha ng'ombe, sembuse binti wa watu."

Alijitwisha ndoo yake akaenda zake. Neno lake lilibaki, likamfuata Emiliana mpaka nyumbani kama mwiba uliokatikia kisiginoni.

*

Nyumbani karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani, pembeni ya kalenda ya kanisa. Iliandikwa kwa mkono na Mwalimu Nathanaeli, mstaafu aliyefundisha michezo miaka mingi na sasa anaongoza kikundi cha wakimbiaji wa mtaa. Wiki kumi na sita, kila wiki na mstari wake. Wiki ya kwanza, Jumamosi, kilomita kumi. Wiki ya tano, ishirini na mbili. Wiki ya nane, thelathini na mbili. Wiki ya kumi na mbili, arobaini na tano. Baada ya hapo namba zilishuka, na mstari wa kumi na sita ulikuwa na neno moja tu: BAHI.

Emiliana aliishia darasa la saba, lakini namba hazijawahi kumshinda. Aliziona zikipanda kama ngazi, na mwanawe juu yake, akienda mahali ambapo mkono wa mama haufiki.

"Kakutuma nani, mama yangu?" alimuuliza Yudith jioni ile. "Kuna zawadi gani huko?"

Yudith alikuwa anafua raba zake kwenye karai. Siku nzima alikuwa kiwandani, pale wanapokamua alizeti, na nywele zake zilinukia mafuta na mashudu.

"Zawadi ni ya wale wanaowahi. Mimi siwezi kuwawahi."

"Sasa?"

"Mama, pale kiwandani nashinda nahesabu magunia ya watu. Yakiisha ya huyu yanaingia ya yule. Kilomita nikizihesabu ni zangu. Hakuna atakayekuja na gari kuzichukua."

Gideoni, mumewe Emiliana, alicheka kwa pua. Yeye ujana wake wote aliswaga ng'ombe wa matajiri kutoka Chemba kwenda minadani, na hakuona ajabu mtu kwenda mbali kwa miguu. "Mwache, Emi. Miguu ni ya kwake."

"Miguu ya kwake, maziko ya nani?"

Walipolala, Emiliana alisimama tena mbele ya karatasi na taa ya simu. Chini kabisa Mwalimu alikuwa ameongeza mistari miwili: *Kunywa maji ukisikia kiu. Kwenye mbio ndefu kula kitu chenye chumvi.*

Chumvi! Emiliana akaisogeza taa karibu. Mwaka uliopita alipimwa presha, na muuguzi alimwambia apunguze chumvi maana itamuua. Emiliana alishika neno la mwisho tu. Siku ileile alimwaga kopo zima la chumvi kwenye shimo la taka, na tangu hapo katika nyumba ile mlenda ulipikwa bila chumvi, maharage bila chumvi, hata ugali ulionekana kukosa mwenzake. Wote walikubali, au alidhani wamekubali. Akachukua kalamu ya bluu, akaukata ule mstari wa chumvi kwa mistari miwili iliyonyooka, kama mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto mzembe.

Na ule wa kiu? Aliutazama sana. Yeye alizaliwa Bahi, mahali ambapo mwaka mmoja maji yanabisha hodi mlangoni na mwaka mwingine kisima kinatoa tope la kulamba. Nani aliyeona kiu kwa macho yake akamwambia mtoto asubiri mpaka aisikie? Akaukata na ule.

Asubuhi Yudith alisimama mbele ya karatasi akifunga kamba za raba. Aliyaona yale mabuluu ya kalamu. Akamtazama mama yake aliyekuwa anachochea moto na uso wa mtu ambaye hakulala. Akafungua mlango, akatoka.

*

Wiki ya kwanza Emiliana aliogopa malori. Wiki ya pili aliogopa fisi, kisha mbwa wa walinzi, kisha wanaume wanaokaa kwenye vijiwe kabla hakujapambazuka. Kila Jumamosi alikaa kizingitini na kanga kichwani, akisikiliza kila kishindo. Yudith alipotokea kona ya mashine ya kusaga, alikuwa anaingia ndani haraka ili asionekane kwamba alikuwa anasubiri.

Wiki ya tatu Yudith alirudi na unga mweupe kwenye paji la uso na shingoni. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Nini hiki?" Emiliana alimgusa.

"Chumvi, mama. Jasho likikauka inabaki."

Emiliana aliifuta upesi na ncha ya kanga yenye maji, kama anafuta uchafu kabla wageni hawajaingia. "Umeona! Mwili wenyewe unaitema. Halafu Mwalimu wako anataka uile."

Wiki iliyofuata hakukaa tena kizingitini. Alikwenda kwa Geofrey, jirani yao wa bodaboda, mtu mzima wa miaka hamsini aliyeimba besi kwaya moja naye. Geofrey alikubali kumpeleka kila Jumamosi kwa kuwekewa mafuta tu. Basi ikawa hivyo: Yudith mbele, taratibu, kwenye bega la barabara ya Singida, nyuma yake pikipiki inayosota kama inasindikiza maiti, na Emiliana juu ya pikipiki, dumu la lita kumi mapajani na kikombe cha bati cha nusu lita kidoleni.

Alijiwekea sheria yake. Kikombe kila kilomita mbili.

"Sina kiu, mama."

"Kiu ikija umeshachelewa. Kunywa."

Yudith alikunywa. Wachunga ng'ombe waliokuwa wanavuka na mifugo walisimama kuwatazama. "Mbukwa!" mmoja alisalimu kwa Kigogo, kisha akauliza kwa Kiswahili, "Huyo binti kaiba nini mpaka mama mtu amfuate na pikipiki?" Geofrey alicheka mpaka usukani ukayumba. Yudith naye alicheka. Emiliana hakucheka, alikuwa anahesabu vibao vya kilomita.

Kwa kilomita kumi na nane, na kwa ishirini na mbili, sheria ile haikumdhuru mtu. Yudith alirudi anakojoakojoa njiani na kutania kwamba amekinywesha kijiji cha Nala chote. Emiliana alianza kulala usingizi. Aliona amepata dawa ya woga wake, na dawa yenyewe inatoka bombani.

*

Wiki ya nane ndipo mambo yalipogeuka, na hakuna aliyeyaelewa.

Yudith alimaliza kilomita thelathini na mbili akaingia ndani bila salamu. Alitapika kwenye karai, maji matupu. Alisema kichwa kinamgonga. Uso wake ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyelia usiku kucha, na mkanda wa saa yake ya plastiki ulikuwa umezama kwenye ngozi, hata alipoufungua ulibaki mfereji.

"Jua limemwingia," Emiliana alisema. "Maji hayakutosha." Akamjazia kikombe.

Wakati wa chakula Gideoni alimtazama mwanawe akisukuma tonge kwenye mlenda usio na ladha. Alikuwa amevaa koti lake la zamani, la kuswagia, ingawa joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa.

"Emi," alisema, "zamani tukifika mnadani tulikuwa hatuwaachi ndama wanywe wanavyotaka. Ndama aliyetembea juani ukimwacha birikani anakunywa, anakunywa, halafu anaanza kuyumba kama mlevi. Wengine walikojoa damu wakafa. Hawakufa kwa kiu."

"Mwanangu si ndama."

"Sijasema ni ndama. Nasema—"

"Unasema nimnyime mtoto maji! Kwenye nchi hii! Baba Yudi, wewe una moyo gani?"

Gideoni aliinuka. Alinyanyua sahani yake akaenda kumalizia nje, nyuma ya choo. Tabia hiyo alikuwa nayo karibu mwaka sasa; akiulizwa husema ndani kuna joto.

"Baba ametania tu, mama," Yudith alisema, amefumba macho. "Lete maji."

Kuanzia wiki ile, kikombe kilijazwa mpaka kinamwagika.

*

Jumamosi ya wiki ya kumi na mbili walianza saa kumi na moja alfajiri, upepo ukiwa bado wa baridi. Mwalimu Nathanaeli na wenzake walikuwa mbele. Yudith alikuwa mtu wa mwisho kama kawaida, hana haraka. Walikwenda wakapita Nala, wakaendelea mpaka kilomita ya ishirini na mbili na nusu, wakageuza. Jua likawapiga usoni. Pande zote mbili za barabara mashamba ya uwele yalikuwa matupu, mabua yamelala, na vumbi jekundu lilisimama kama nguzo likatembea lenyewe.

Kilomita ya thelathini na nne Yudith alikisukuma kikombe.

"Sitaki."

"Kunywa, mama yangu, bado kidogo."

"Tumbo limejaa. Linacheza."

"Kunywa kwa ajili yangu, basi."

Kwa neno hilo Yudith alikunywa. Kilomita ya thelathini na sita alikunywa tena, nusu ikatoka puani. Baada ya hapo alianza kukimbia upandeupande, mguu mmoja ukiingia kwenye kokoto, mwingine kwenye lami. Lori lilipiga honi ndefu.

"Geofrey, simama!"

Yudith naye alisimama. Alimtazama mama yake kwa adabu, kama mtu anayemtazama mteja.

"Magunia yenu yamepimwa?" aliuliza.

"Nini?"

"Kama hayajapimwa mtasubiri. Leo mizani mbovu, dada."

Dada! Macho ya Yudith yalikuwa wazi lakini hayakuwa na mtu ndani. Alimkalisha kwenye tuta la mchanga, akajaribu kulegeza mkanda wa saa, kucha zake hazikupata pa kupita. Vidole vya mwanawe vilikuwa vinene kama vya mtu mwingine. Alimpigia mumewe.

"Baba Yudi, mtoto anaongea vitu sivielewi. Hanitambui."

"Amekunywa?"

"Kila kibao. Sasa hivi anakataa."

"Emi. Nisikilize. Usimpe tena hata tone. Unakumbuka nilivyokwambia ndama—"

"Mwanangu anakufa kwa kiu wewe unaniletea ndama!" alipiga kelele, akakata.

Akamimina yaliyobaki kwenye dumu, akakileta kikombe midomoni mwa Yudith. Meno yaligonga bati, kri kri kri, maji yakateremka kidevuni mpaka kifuani. Hayakuingia. Geofrey alimshika mkono.

"Mama Yudi, inatosha. Tumpakie."

Wakapanda mshikaki, Yudith katikati, kichwa chake kikigonga mgongo wa Geofrey kama cha mtoto aliyelala. Dumu walilitupa palepale kwenye tuta la mchanga. Njia nzima Emiliana alimshika kiuno na kuomba kwa sauti, na kila alipomwita jina aliitikiwa kwa namba: "Arobaini na moja. Arobaini na mbili." Alikuwa bado anahesabu magunia.

*

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, miwani imemteremka puani, na alikuwa anauliza huku mikono inafanya kazi.

"Amekimbia kiasi gani?"

"Thelathini na nane, dokta. Kilomita."

"Juani?"

"Juani."

"Amekunywa maji?"

Hapo ndipo Emiliana alipofanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka hukaa chini. Aliona chupa za dripu zimepangwa kwenye kabati la kioo, nyingi, zinang'aa. Aliona kwamba akisema amekunywa, hawatamtundikia upesi. Isitoshe, vikombe vya mwisho si alivikataa? Si uongo basi.

"Hajanywa," alisema. "Nimembembeleza akakataa. Mwongezeeni maji, dokta, nakuomba, kakauka mtoto."

"Sista, tundika lita moja, ikimbie. Andaa na ya pili."

Muuguzi alifunga mpira mkononi mwa Yudith, akapapasa. Akapapasa tena. Akajaribu mkono wa pili, wenye saa.

"Mshipa siuoni. Mkono umejaa. Hii saa nayo haitoki, nitaikata."

Mkasi ulipokata mkanda, ngozi chini yake ilibaki na mfereji mweupe wa kulaza kalamu. Daktari aliacha kuandika.

"Mtu aliyekaukiwa hajai mikono," alisema taratibu, kama anajiambia mwenyewe. Akainua macho. "Mama. Nakuuliza tena. Huyu amekunywa maji kiasi gani?"

Emiliana alifungua mdomo. Nyuma ya daktari, muuguzi alikuwa ameupata mshipa; chupa ilikuwa imeshaning'inizwa, na tone la kwanza lilikuwa linavimba pale juu. Akisema, kila mtu chumbani atajua ni mkono wa nani. Geofrey yuko mlangoni, na kwaya itajua. Paskazia atajua. Gideoni alishajua. Kesho bombani litakuwa swali lingine: Mama Yudi, mwanao umemfanya nini?

Mwili wa Yudith ukakakamaa. Kisha ukaanza kurukaruka kitandani, visigino vikigonga chuma, povu pembeni ya mdomo.

"Nimesema uongo!" Emiliana alipiga ukelele. "Amekunywa! Dumu zima, dokta, la lita kumi! Kila kilomita mbili kikombe, nusu lita, nimempa mimi, alikuwa hataki nikamlazimisha, ni mimi! Na chumvi hali, nyumbani kwangu hakuna chumvi!"

"Funga hiyo!" Daktari aliiwahi ile dripu kwa mkono wake mwenyewe. "Toa! Niletee ile ya chumvi kali, na damu iende maabara sasa hivi. Mama, toka nje. Toka!"

*

Benchi la korido lilikuwa la simenti. Gideoni alifika amevaa koti lake, akakaa pembeni ya mkewe bila kumgusa. Geofrey alikuwa ameshamweleza getini.

"Sema," Emiliana alisema.

"Niseme nini?"

"Sema lile la ndama. Una haki."

Gideoni hakusema la ndama. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kipande cha gazeti kilichosokotwa kama cha kufungia karanga. Akakifungua pajani. Ilikuwa chumvi.

"Mwaka mzima," alisema. "Nakula nyuma ya choo, kama mwizi. Nilijisemea, nikibishana na Emi presha itampanda. Namwona mtoto anakimbia, anatoka chumvi mwili mzima, anakuja kula mlenda wako, na mimi yangu ninayo mfukoni." Akaigusa chumvi kwa kidole. "Sikumpa hata ya kulamba."

Emiliana aliitazama ile chumvi. Alitaka kumpiga, alitaka kumwegemea. Hakufanya lolote kati ya hayo; aliikunja ile karatasi upya, taratibu, pembe kwa pembe, akamrudishia mfukoni isije ikamwagika.

Ilikuwa jua limeshageukia upande wa pili wa korido daktari alipotoka. Degedege lilikuwa limekatika. Yudith hajaamka vizuri, alisema, na yeye hawezi kuahidi kitu. Alieleza kwa maneno ya kawaida: maji yalizidi mpaka chumvi ya damu ikawa kidogo mno ndani yake, na ubongo nao ukavimba.

"Lakini chumvi inaua," Emiliana alisema, kinyonge, kama mtoto anayesoma alichokariri. "Mliniambia nyie wenyewe."

"Tulikwambia wewe, mama, na tulikwambia upunguze." Daktari alivua miwani akajifuta macho. "Ile dripu ya kwanza ingeingia yote, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Akarudi ndani.

Siku mbili Yudith alilala huku anaita watu wa kiwandani. Siku ya tatu, asubuhi, alifungua macho akamkuta mama yake anamtazama kwa karibu mno.

"Mama," alisema. "Mbona umekonda hivyo?"

Emiliana aliuficha uso wake kwenye shuka la hospitali.

"Yale mabuluu kwenye karatasi," alisema kutoka mle shukani. "Uliyaona?"

"Niliyaona."

"Kwa nini hukusema?"

Yudith alifikiri. Bado maneno yalikuwa yanamjia polepole. "Ungeogopa," alisema.

*

Siku ya mbio zenyewe Yudith alisimama kando ya barabara pale Kizota, mwembamba, amejifunga kanga, akawapigia makofi wenzake walipokuwa wanapita kutoka Bahi. Mwalimu Nathanaeli alipita akichechemea, akamwinulia mkono. Paskazia naye alikuwepo, na alijua kila kitu, kwa sababu Emiliana mwenyewe ndiye aliyemwambia. Alikuwa amekwenda bombani asubuhi moja, foleni ikiwa ndefu, akatua ndoo chini na kusema yote: dumu, kikombe, uongo wa hospitalini. Aliona ni heri lisikike likiwa zima kuliko likatwe vipandevipande. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja ambaye mwanawe anacheza mpira alimuuliza kwa sauti ya chini, "Vikombe vingapi ulisema?"

Daktari alimruhusu kukimbia tena mwezi wa pili. Yudith alikwenda kwa Mwalimu akarudi na karatasi mpya, akaibandika palepale. Mistari miwili ya chini ilikuwepo tena. Kalamu ya bluu Emiliana alikuwa ameshampa Geofrey aandikie hesabu ya mafuta yake.

Mvua ilikuwa imenyesha. Barabara ya Singida ilikuwa ya kijani pande zote mbili kana kwamba haijawahi kuua mtu. Wiki ya kwanza, kilomita kumi. Emiliana hakufuata nyuma. Alikaa kwenye jiwe kilomita ya tatu, peke yake, dumu dogo miguuni, kikombe cha bati kwenye goti, na mfukoni mwa sweta karanga alizozikaanga mwenyewe kwa chumvi, huku amegeuza uso ili moshi wa ile chumvi usimwingie.

Alimwona akitokea mbali. Aliona jasho linang'aa kwenye shingo, aliona midomo iliyo wazi, na kila kitu ndani yake kiliinuka kikitaka kumkimbilia na kikombe. Alikishika kikombe kwa mikono miwili mpaka bati likalia.

Yudith alifika akasimama, anahema.

"Una kiu?" Emiliana aliuliza. Halafu akasubiri.

Yudith alijisikiliza. Alitazama juu, akameza mate.

"Bado, mama. Nitakunywa nikirudi." Akachota karanga chache mfukoni mwa mama yake, akamgusa bega, akaendelea.

Emiliana alimwangalia mpaka akawa mdogo, mpaka akawa kitu tu kinachocheza kwenye lami. Alitaka kumwita. Alipofungua mdomo akagundua ulimi umeganda juu, koo limekauka kama kisima cha mwaka mbaya, na kwamba tangu alfajiri, kwa woga, hakuwa ameonja chochote. Akafungua dumu, akajimiminia kikombe, akanywa yeye.